Nani Ataingia na Balozi

Sogezeni viti, wanangu. Leteni huku upande wa ukuta, mwanga wa dirisha usinipige machoni, maana sauti yangu imepungua na sitaki kurudia neno mara mbili. Wewe Wakili, zima hiyo simu. Najua ni ya kazi, kila kitu chako ni cha kazi, lakini leo hata jaji akipiga mwambie una kesi ya mama yako. Na wewe Fundi, acha kuukagua ukuta kama mtu anayetafuta pa kutoboa, keti na dada yako. Nesi anayekuja kunihudumia hapa nyumbani, aliyetoka sasa hivi, ameniambia nipumzike, nami nimemwitikia vizuri kwa sababu ni binti mwenye adabu, na nitapumzika kweli, tena sana, ila kwanza nina ya kuwaachia.

Msianze kulia. Mkitaka kujua kama naogopa, naogopa kidogo, lakini zaidi ya kuogopa nina hamu ya kujua. Mnanifahamu, tangu usichana wangu sikuweza kupita mlango uliofungwa bila kujiuliza nani yuko ndani na anafanya nini. Sasa nimefika kwenye mlango ambao hakuna aliyeingia akarudi kutupa habari, na natamani kuchungulia. Kinachoniuma ni kwamba nikishaona yaliyomo sitaweza kuja kuwasimulia, na mimi habari nzuri bila mtu wa kumsimulia hainipendezi.

Tuanze na vitu, kwa sababu vitu ndivyo vinavyogombanisha ndugu machozi yakiwa bado mashavuni. Duka la ushonaji ni la kupanga, kwa hiyo hakuna wa kurithi kuta, ila chumba cha nyuma, kile chenye viti vya shule na ubao wa matangazo, nataka kibaki wazi kila Jumamosi kwa mkutano wa jumuiya ya watu wetu wa nyumbani, hata siku ambayo atakuja mwenyekiti wetu, yule tunayemwita Mwenyekiti wa Maisha, peke yake kujihutubia. Cherehani ibaki humo humo. Mkono wake unagoma kwenye kitambaa kizito, uzungusheni polepole, na atakayeshona bango aache pindo pana juu, la kupitisha fimbo, maana nimechoka kuona mabango yetu yakining'inia kama taulo. Blanketi langu la sufu mpeni nesi. Pete hii mtanizika nayo.

Limebaki birika kubwa la chai na kipaza sauti. Birika nampa Wakili. Kipaza sauti nampa Fundi. Naam, mmesikia sawa, na msitazamane hivyo mkidhani dawa zimenichanganya. Nitawaeleza nimefikaje hadi nikaamua hivi, nanyi mnisikilize mpaka mwisho, hasa wewe Wakili uliyeanza kuvuta pumzi ya kunikatiza.

Mjomba wenu mnamjua kwa picha ile ya sebuleni tu, kijana mwenye sikio moja lililosimama zaidi ya lingine. Alikuwa mwalimu. Kosa lake kule nyumbani, nchi tuliyotoka, lilikuwa swali: walimu wenzake walikamatwa, yeye akanyanyua mkono katika mkutano wa hadhara, mbele ya mkuu wa mkoa, akauliza wenzangu wako wapi. Hawakumjibu, walimpeleka huko huko waliko. Tangu siku hiyo hakuna mahakama aliyofikishwa, hakuna shtaka aliloambiwa, na serikali yao inasema hadharani kwamba haina mtu wa jina hilo, haijapata kuwa naye. Ndugu yangu niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, akiniuliza gizani kwa nini mwezi unatufuata, leo wanasema hayupo. Familia yetu tunaponzwa na udadisi, wanangu, na bado sijaona sababu ya kuuacha.

Ndiyo maana tulianza kusimama kila Ijumaa mbele ya ubalozi. Tulikuwa mchanganyiko wa ajabu, wapishi wa hospitali, madereva, wanafunzi, wafagiaji wa ofisi, watu ambao kule nyumbani pengine tusingeketi pamoja, tumejipanga upande wa pili wa barabara mbele ya duka la miwani, na mwenye duka analalamika kwamba tunawazuia wateja wasione. Akaja polisi kutuhamisha, akatuonyesha kichochoro cha mapipa ya taka, akasema wageni mahali pao ni pale. Na wewe, Wakili, ukiwa bado na sare ya shule na soksi moja imeshuka, ukamuuliza ni sheria gani inayosema hivyo. Yule bwana akapiga simu, akasubiri, akajikuna shingo, akasema atarudi. Walirudi wengi, wakawabeba vijana wetu ndani ya gari, na siku hiyo uliapa utasoma sheria. Ukasoma. Ukaenda mahakamani kwa ajili ya kipande kile cha njia ya miguu, ukashinda, na leo mtu yeyote wa nchi yoyote anaweza kusimama pale akasema lake bila kusukumwa. Mimi mama yako nilijigamba kwa kila mteja hadi wakaanza kuchukua nguo zao bila kuzijaribu. Sijawahi kukwambia kwa ukamilifu jinsi nilivyojivunia wewe. Nakwambia leo.

Sasa ile Ijumaa ya aibu. Fundi, cheka tu, najua umeumia kujizuia. Tulikuwa tumepata habari kwamba mjomba wenu anaumwa huko aliko, na kelele za siku ile hazikuwa za desturi, zilitoka tumboni. Balozi kwa kawaida alitokea nyuma, ndani ya gari la vioo vyeusi, lakini siku hiyo mafundi wa maji walikuwa wameuchimba uchochoro wa nyuma, gari halipiti. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Akatoka kwa miguu, mzee wa watu, mgongo umeinama, na lile koti lake refu ambalo halivui hata jua likiwaka, akavuka barabara moja kwa moja hadi upande wetu. Wakili ulikuwa na kipaza sauti mdomoni, katikati ya neno. Tulikuwa tumemsubiri mtu huyo kwa miaka. Kila mmoja wetu alikuwa na la kumwambia.

Na tulimwambia nini? Shikamoo mzee!

Wote! Mabango yakashuka, vichwa vikainama, shikamoo mzee, kama watoto wa darasa moja. Ilitoka yenyewe, kwa sababu mama zetu walitufunza hivyo kabla hatujajua serikali ni kitu gani, na mtu mwenye mvi akisimama mbele yako mdomo hauombi ruhusa. Na sauti iliyosikika kuliko zote, hadi ng'ambo ya duka la miwani, ni ya binti yangu, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Yule mzee akasimama. Angeweza kupita, alikuwa na mlinzi na alikuwa na sababu. Akasimama akasema, marahaba wanangu. Kisha akafungua mdomo tena, nilimwona kwa macho yangu, alikuwa na neno lingine, likafika hapa kwenye meno, akalimeza, akaenda zake.

Baada ya hapo nani angeweza kupiga kelele? Tulikunja mabango tukarudi nyumbani. Gazeti likatoa picha, watu wameandika waachieni huru huku wameinama kama wanaomba radhi. Mwenyekiti wa Maisha, ambaye hajawahi kuitisha uchaguzi tangu tumjue lakini anaidai demokrasia kwa udi na uvumba, akaitisha kikao, akasema tumejidhalilisha, na likapita azimio kwamba ni marufuku mwanajumuiya kumsalimu mtu yeyote wa ubalozi. Azimio la kutosalimia, wanangu! Nimeishi nikasikia maazimio mengi, hilo ndilo pekee lililonifanya nitoke nje nikacheke peke yangu. Wewe Wakili ulilipigia kura kwa mikono yote miwili. Sikulaumu. Ulikuwa umeona haya, na haya ya kijana inawaka kuliko hasira.

Mimi sikulala vizuri, si kwa aibu, kwa ile hamu yangu. Alitaka kusema nini? Nikafanya kazi, nikakata vitambaa vya watu ndivyo sivyo, neno lile linanizunguka. Mwishowe nikavaa nguo yangu ya heshima, nikapanga foleni ya ubalozini pamoja na watu wa pasipoti, na kijana wa dirishani akaniuliza shida yangu nini. Nikamwambia sina shida, nimekuja kumjulia hali mzee. Alinitazama kama mtu aliyeombwa mahindi kwenye duka la viatu, hakuwa na dirisha la shida ya namna hiyo. Lakini akapiga simu juu, na juu wakasema nipande.

Tuliongea habari za mgongo. Kweli kabisa, siku ya kwanza ni mgongo wake na magoti yangu tu. Siku ya pili ni watoto. Nilipomzoea ndipo nikamuuliza, mzee, ndugu yangu anapata dawa zake? Akatazama dirishani. Haikupita muda mrefu, wifi yangu kule nyumbani akaitwa na mtu asiyemjua, akapelekwa mahali usiku kwa usiku ndani ya gari lililofungwa, akamwona mumewe nyuma ya waya. Amekonda, lakini amesimama. Akamuuliza kama sikio langu, lile lililokuwa likiniuma tangu utoto, bado linanisumbua. Kumbe alikuwa bado yule yule.

Kwa ajili ya kupanda ngazi zile mliona nilivyotukanwa. Mwenyekiti, mbele ya watu, ndani ya chumba changu, ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, akaniita msaliti. Watu niliowashonea nguo za harusi wakanipa mgongo. Kinyongo hicho nimekibeba muda mrefu, na leo nakitua hapa sakafuni. Msikiokote. Akija kwenye mazishi mpeni kiti cha mbele, anakipenda.

Maji. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Wakili, sogea. Hili sijapata kumwambia mtu, kwa sababu lingemponza mzee, na juzi tu ndipo ameniruhusu mwenyewe. Siku moja nilimwambia mzee, nitaongea na watu wetu wapunguze kelele za Ijumaa, nikidhani namfanyia hisani. Alishtuka, akasimama, akanishika mkono. Akaniambia, mama, nakusihi, msinyamaze. Akasema, kila wiki naandika kule nyumbani kwamba watu hawa hawachoki, kwamba magazeti ya hapa yanauliza, kwamba itatuaibisha, na wakinitumia mtu kuja kutazama nataka afungue dirisha asikie mwenyewe. Mkinyamaza, mimi nitakuwa mzee anayebwabwaja. Yule binti wa kipaza sauti, akasema, mwambie asipumzike.

Wewe, mwanangu. Ulikuwa ukipiga kelele chini ukidhani hakuna anayesikia, na juu kulikuwa na mtu anafungua dirisha makusudi. Wifi yangu hakufika nyuma ya ule waya kwa salamu zangu pekee. Alifika kwa salamu zangu na kelele zako, na wala sijui ipi ilivuta zaidi, nimejiuliza hadi leo.

Lia, sasa unaweza kulia. Fundi, mpe dada yako kitambaa, kile safi.

Basi mnajua yaliyobaki. Mzee alistaafu, wakamwita nyumbani, akakataa kwenda, anaishi kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa na lile koti lake. Alhamisi kamati ya bunge la hapa inakaa. Waziri wa nchi hii anakwenda kuzungumza na serikali ya kule juu ya biashara, na kamati imesema suala la wafungwa litawekwa mezani ikiwa mtu mmoja anayejua kwa hakika atakuja aseme kwa kinywa chake kwamba wapo, na wako gereza gani. Mtu huyo ni mmoja tu. Anajua mahali, anajua waliohamishwa na waliobaki hai. Amekubali kusema. Lakini anaogopa ule mlango, wanangu. Nje watakuwepo watu wetu wote na mabango, na wengi wao wanaona ni adui tu, na wengine wamekula kiapo kumzomea. Ameniambia, mama, nimezeeka, nitasema yote, ila sitapita pale peke yangu, nikizomewa na watoto wa nyumbani miguu itanirudisha. Nikamwahidi nitaingia naye mkono kwa mkono. Na sasa tazameni miguu yangu.

Fundi amekwisha kuninong'oneza kwamba ataingia naye yeye. Asante, baba, una moyo mwepesi tangu utoto. Lakini wewe ukiingia naye watasema, mtoto wa msaliti kamleta msaliti, na watazomea mara mbili. Anayetakiwa kumshika mkono ni yule ambaye sauti yake wanaijua kuliko za wote, aliyewashindia njia ya miguu. Wakimwona Wakili amemshika mzee yule mkono, nani atathubutu kufungua kinywa? Na wewe Fundi, mtu wa maneno machache, utasimama nje na kipaza sauti katikati yao, kwa sababu mtu ambaye hasemi akisema watu hunyamaza wasikie. Waambie tu, huyu ndiye ajuaye walipo ndugu zetu. Kisha wanyweshe chai, kwa birika la dada yako, maana zamu ya kukaribisha sasa ni yake, mpaka yeye na mzee watoke. Mmeona sasa kwamba sijachanganyikiwa.

Simlazimishi mtu. Wakili, uliapa hutamsalimu tena maisha yako, na kiapo ni chako. Mimi nakuuliza tu, kama mjomba wako alivyouliza.

Nilimwomba mzee aje leo asubuhi. Ndiyo, leo. Nilijua ningewaambia mapema mngenikatalia. Na lifti ya jengo hili imekufa tangu juzi, na mwanangu ni fundi wa lifti, mwaka huu watu watatucheka mpaka basi. Kwa hiyo atapanda kwa ngazi. Fungueni mlango wa sebule kidogo... mnasikia? Ile fimbo. Hatua, fimbo, kisha anapumzika. Ni yeye. Fundi, shuka ukamshike kiwiko, usimkimbize. Nenda, baba.

Wakili, baki. Akifika, wewe ndiye utakayefungua. Ukimsalimu nitajua Alhamisi utaingia naye. Ukifungua bila kumsalimu nitajua pia, na sitakulaumu, na utabaki kuwa mwanangu yule yule. Sitakuuliza kwa maneno. Nitasikiliza tu kutoka hapa.

Nizikeni asubuhi, watu wawahi kazini. Msicheleweshe Alhamisi kwa ajili yangu, hata kama... hata kama nitakuwa bado sijazikwa, nendeni kwanza kule, mimi sina haraka. Picha ya mjomba wenu msiiondoe sebuleni. Akitoka, mwambieni sikio langu lilipona. Mwambieni na ule mwezi... nimeusomea baadaye, najua kwa nini unatufuata, nilitaka nimweleze mwenyewe. Mwelezeni nyinyi.

Nipeni mikono... mmoja yuko ngazini, basi nipe wako, nao uchukue baraka za wote wawili. Mungu awape ujasiri wa kuuliza, na awape subira ya kungoja jibu. Awape majirani wema, nchi hii na ile. Mlango mtakaobisha ufunguliwe, na mkiwa nyinyi ndio mlio ndani... mfungue. Nimewaridhia. Sina dukuduku na yeyote kati yenu. Nimewaridhia kabisa.

Wamefika juu. Nasikia pumzi yake, masikini, ngazi zile. Nenda, mwanangu. Futa uso.

...

Nimesikia.

Haikuhitaji kipaza sauti, nimesikia. Na yeye akaitikia vile vile, marahaba mwanangu, kama siku ile. Ah. Basi limekwisha. Limekwisha vizuri.

Mleteni karibu. Mpeni kiti, kile chenye mto, mgongo wake mbaya. Shikamoo, mzee. Samahani, siinuki. Wanangu, nyamazeni... nyamazeni nimsikie, sauti zenu nitazikumbuka. Mzee, inama kidogo. Nina swali moja, nimelitunza muda mrefu. Ile Ijumaa, kando ya barabara, baada ya marahaba... ulitaka kusema nini?